Imepanda: Miaka Yangu na Mashine ya Kuhesabu Askari

Wanangu mlioishika kazi hii sasa, mkuu wenu wa kituo ameniomba niwaandikie machache kabla sijayasahau yote. Mimi si mwandishi. Nilimaliza darasa la saba pale Mtanda, nikaingia kwenye kituo cha afya kama mfagiaji, baadaye nikafanywa mhudumu wa maabara, na humo humo nikastaafu. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku kabla ya chakula cha jioni, lakini nikiyasoma ya zamani huwa najiuliza kama ndivyo yalivyokuwa au ndivyo nilivyotaka yawe. Kwa hiyo msinimeze mzima mzima. Nisipokuwa na hakika nitasema. Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa langu, Bakari, ambalo halina faida ya kufichwa. Mama ninayemwita Somoe ameniruhusu nisimulie habari zake, jina lake hapana.

Nataka kuwaambia kuhusu neno moja, imepanda, na mtoto aliyekaribia kuponzwa nalo.

Zamani, kabla ya mashine za kubeba, mtu mwenye VVU akitaka kujua hali ya mwili wake, damu yake ilitolewa mkononi, ikatiwa kwenye boksi lenye barafu, ikangoja gari la kwenda mjini. Majibu nayo yakangoja gari la kurudi. Sisemi waliokuwa mjini walikuwa wazembe. Walikuwa na damu za wilaya nzima mezani, na mvua ya masika ikikata barabara hakuna anayepita, awe na digrii au asiwe nayo. Ila mara nyingine karatasi ya majibu ilifika tukiwa tumeshatoka kumzika mwenyewe. Bwana Saidi, mtaalamu wa maabara aliyenifundisha kazi, hakuzitupa karatasi zile. Alizikunja na kuziweka ndani ya faili la mtu kama vile atakuja kuziulizia. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Kisha ikaja mashine ya kwanza, ile ya kuhesabu askari. Ninyi mnajua jina lake la kitaalamu. Sisi tuliwaeleza wagonjwa hivi: ndani ya damu kuna chembe zinazolinda mwili, ndizo askari. Virusi vinawaua askari. Ukimeza dawa, virusi vinafubaa, askari wanaongezeka. Mashine inawahesabu, inatoa namba. Namba ikipanda, mshukuru Mungu.

Ilikuwa na mpini wa kubebea na kioo kidogo mbele, na ilikaa kwenye sanduku lake kama kitu cha sherehe. Mara ya kwanza tulipoipeleka Songo Mnara kwa boti, mzee mmoja alituzunguka, akainama, akaichungulia.

"Hii inakamata stesheni gani?"

"Hii si redio, babu. Inapima damu."

"Sasa mpini wa nini kama si redio?"

Basi ikawa redio. Wagonjwa walilipenda jina hilo kwa sababu liliwafaa. Mama akiulizwa na jirani anakwenda wapi, anajibu anaipeleka redio kwa fundi. Hata sisi wenyewe tukazoea. Bwana Saidi alikuwa akiniuliza asubuhi, "Redio imelala na chaji?" na mimi najibu imelala nayo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kidole. Mnaweza kuwa na mashine ya bei gani sijui, kama kidole kimechomwa vibaya, mashine itawaambia uongo kwa heshima zote. Mtu anawe kwanza, kwa maji ya vuguvugu kama yapo. Mkono ushuke chini, damu iteremke. Usichome katikati ya ncha ya kidole, hapo ndipo pana maumivu; choma ubavuni. Spiriti iache ikauke yenyewe, usiipulize kwa mdomo. Tone la kwanza futa. La pili lije lenyewe. Nasema lije lenyewe, maana kijana akiwa na haraka hukikamua kidole kama chuchu ya mbuzi, na kinachotoka hapo ni damu iliyochanganyika na maji ya nyama. Bwana Saidi aliniamuru nichome kidole chake mwenyewe mpaka nijue. Alikuwa akikaa kimya anasoma gazeti, mkono kanipa. Siku nilipomchoma asishtuke, alikunja gazeti akasema, "Haya, kawachome wenzako."

Wanawake wanaochokoa pweza mwambani, kule Songo Mnara, vidole vyao ni vigumu kama ngozi ya ngoma. Kwa hao tulichoma kidole cha pete cha mkono wasioutumia sana, na tulisubiri. Mashine yenyewe nayo ina tabia zake. Haitaki jua, haitaki vumbi, haitaki kutikiswa ikiwa inafanya kazi. Ikikaa upande inagoma. Usiiwashe ndani ya boti hata kama bahari imetulia namna gani. Katriji zake, vile vikasha vya kutilia damu, ukiviacha kwenye joto vinaharibika na kwa nje huoni kitu. Nilikuwa nazibeba kwenye boksi la barafu lisilo na barafu, nimeliviringisha kanga mbichi. Sijui kama ndivyo kitabu kinavyosema. Hazikuharibika, lakini inawezekana ni bahati tu.

Nimezunguka, nirudi kwenye neno langu.

Kwenye benchi la kituo wagonjwa walikuwa hawaulizani habari za ugonjwa. Waliulizana, "Imepanda?" Mwenzake anajibu, "Imepanda kidogo," au "Imesimama pale pale." Neno likatoka nje ya geti likaingia sokoni. Ungesikia mtu anamuuliza mwenzake mbele za watu, "Vipi, imepanda?" na mpita njia anaingilia, "Imepanda wapi bwana, juzi ufuta wangu wamenikatisha tamaa," akidhani ni bei. Wale wawili wanatazamana, wanacheka, wanaachana. Lilikuwa neno jema. Liliwapa watu namna ya kuulizana hali bila kuvuliwa nguo.

Miaka ikapita, ikaja mashine ya pili, ndogo pia, lakini hii haihesabu askari. Hii inatafuta virusi vyenyewe. Wataalamu walikuwa na sababu nzuri. Askari huchelewa kupungua. Virusi vikianza kuinuka, unaviona mapema, unamwokoa mtu kabla hajaugua. Nilielezwa mara mbili ndipo nikaelewa, na nilipoelewa niliona ni kweli kabisa. Ila hapo namba imegeuka. Sasa ndogo ndiyo njema. Kubwa ndiyo balaa. Tuliwaeleza watu asubuhi, wakiwa wamekaa benchini, na walitikisa vichwa kwamba wameelewa. Na nadhani kwa kichwa walielewa. Lakini neno likishakaa mdomoni miaka yote hiyo likiwa ni neno la furaha, halitoki kwa kutangaziwa asubuhi moja.

Somoe alikuwa mtu wa Pande. Alikuwa akimeza dawa tangu enzi za redio, na hakuna aliyekuwa mwaminifu kama yeye. Siku zake za kliniki hakukosa. Wakati ninaousema alikuwa na mimba, ameolewa na fundi seremala wa kule kule, nitamwita Hamisi. Mama mjamzito mnajua anavyopimwa: virusi vikiwa vingi mwilini mwake, vinaweza kumpata mtoto tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwenye ziwa. Vikiwa vimezimwa na dawa, mtoto karibu kila mara anatoka salama. Kwa hiyo pale namba haikuwa ya Somoe peke yake.

Muuguzi wake alikuwa Sista Yustina, Mmakonde wa huko juu Newala, Mkristo, msichana mpole mwenye sauti ndogo. Siku majibu ya Somoe yalipotoka, kituo kilikuwa kimejaa. Chumba cha ushauri kilikuwa kimeazimwa kwa chanjo, na Sista alilazimika kuongea naye kwenye kona, watu wakiwa hatua chache. Alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, "Somoe, imepanda. Njoo Jumatatu tuongee." Nilikuwa karibu, nilisikia. Somoe alitabasamu akamshika mkono. Nilidhani ni ujasiri wa mtu asiyetaka kulia mbele za watu. Sista naye alidhani hivyo hivyo, aliniambia baadaye.

Naomba hapa tuwe waadilifu. Sista alisema lililo kweli, na alilisema kwa siri kama alivyofundishwa. Somoe alisikia alichokuwa akikisikia miaka yote. Aliyeazima chumba alikuwa na watoto wa kuchanja. Nimezunguka jambo hili mara nyingi nikitafuta wa kumlaumu, sijampata.

Jumatatu hakuja. Alikuja siku yake ya kliniki ya wajawazito, ana bakuli limefunikwa kwa kitambaa, ndani mkate wa kumimina, bado una joto. Aliuweka juu ya meza ya Sista.

"Wa nini tena, Somoe?" Sista akamwuliza.

"Wa shukrani. Kuleni. Mzee Bakari, nawe usijifanye umefunga."

"Shukrani ya nini?"

"Si mlisema imepanda?"

Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia ule mkate. Sista alinitazama mimi, akatazama bakuli, akaenda kufunga mlango. Mambo ya mle ndani niliyasikia kwa sababu Sista alimwuliza kama nibaki, na Somoe akasema nibaki. Sista alimweleza taratibu. Alisema si askari, Somoe, ni virusi. Ni vingi. Somoe hakulia. Alifunika bakuli lake tena kwa kile kitambaa, polepole, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Na mtoto?" akauliza.

"Bado tuna nafasi. Lakini niambie kweli. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia sindano.

"Siku moja yangu," Somoe akasema, "siku moja ya baba watoto."

Hamisi alikuwa amekonda muda mrefu, anakohoa, na alikuwa ameshajijua bila kupimwa. Lakini kuja kituoni hakutaka. Alisema yeye ndiye aliyetengeneza benchi lile la kliniki, kila mtu pale Pande ana kitanda alichokichonga yeye ndani, hawezi kwenda kukaa juu ya benchi lake mwenyewe akitazamwa. Basi mke akawa anamgawia. Alifanya kwa mapenzi. Dawa inayomezwa siku moja na kurukwa siku ya pili haimtibu yeyote kati ya wawili, inavifundisha virusi tu kuvumilia. Hilo hakulijua, na sisi tulikuwa hatujawahi kumwuliza swali ambalo lingetufikisha hapo.

Sista hakumkemea. Alisema, "Kama yeye haji kwenye mashine, mashine itakwenda kwake. Atakubali?"

Somoe alikwenda kumwuliza, jibu likarudi kwa mdomo wake siku ya pili: "Amesema mje. Lakini mje kama wateja wa kitanda."

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, mimi nimeipakata redio ya zamani mapajani imefungwa kanga. Karakana ya Hamisi ilikuwa uwanjani kwake, wazi, kila anayepita anasalimia. Alikuwa mtu mrefu ambaye nguo zilikuwa zinampwaya. Sista alimpima kwanza ndani, kile kipimo cha awali cha kidole, kwa hiari yake, na majibu yakawa kama alivyoyajua. Ndipo nikaiweka redio juu ya kabati lisilo na milango, nikamchoma ubavu wa kidole, nikatia damu. Sasa ni kungoja. Na kwa kuwa majirani walishaanza kupunguza mwendo, Hamisi alitoka nje na futi kamba, akamsimamisha Sista, akawa anampima urefu.

"Kitanda hakipimwi hivi, fundi," jirani mmoja akapaza sauti.

"Huyu mrefu," Hamisi akasema. Halafu, kwa chini, sisi tu tusikie, "Anayepimwa mwili mzima hapa kwetu ni maiti peke yake, Sista. Nisamehe. Geuka huku."

Sista akageuka. Yeye anampima Sista, na ndani mashine inampima yeye. Sijui kama nililiona vile siku ile au nimeliona baadaye nikiandika.

Namba ilikuwa chini sana. Sista alimweleza wakiwa wameketi ndani, mlango umeegeshwa.

"Askari wamebaki wangapi?" Hamisi akauliza.

"Wachache, fundi."

"Wanatosha kulinda mlango mmoja?"

"Mmoja wanatosha. Ndiyo maana tunataka uanze dawa zako mwenyewe leo, na hicho kifua ukipeleke hospitali kesho. Na za mkeo umwachie mkeo."

Alitikisa kichwa kukubali. Akamtazama Somoe, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka na tumbo lake, na akasema neno moja tu, "Nimekula zako." Somoe akamjibu, "Nilikupa mwenyewe."

Alianza dawa. Kifua kilikuwa na TB, akaanza na dawa hizo pia. Alipata nguvu kidogo, akatengeneza tena vitu viwili vitatu. Somoe alibadilishiwa dawa na daktari, akameza zake zote, na alipopimwa tena kabla ya kujifungua, Sista alimkalisha ndani, mlango umefungwa, akamwambia kwa kirefu: virusi vilivyomo mwilini mwako sasa ni vichache sana. Halafu akamwambia, "Nirudishie kwa maneno yako." Kumwambia mtu arudishe kwa maneno yake, wanangu, naliona ni jambo kubwa kuliko mashine zote mbili. Linachukua muda mfupi tu. Tangu siku ile Sista hakuacha kulifanya, na mimi nikajifunza kwake, ingawa umri wangu ulikuwa kama wa baba yake.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa dawa yake ya maji ya kinga. Kabla mtoto hajatimiza siku arobaini, Hamisi akafariki. Kifua kilikuwa kimechoka kuliko tulivyodhani. Je, angepona kama angepimwa mwaka mmoja kabla? Inawezekana. Bwana Saidi, kama angekuwa hai, angeniambia nisihesabu damu ambayo haijaingia kwenye katriji. Lakini nimehesabu, na sipati jibu.

Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa akifikisha wiki sita. Mashine ya pili inaweza kumpima mtoto palepale kwa tone la kisiginoni, na majibu yanatoka kabla mama hajaondoka. Hapo zamani tone hilo lilikaushwa kwenye karatasi likapelekwa mbali, na mama akakaa mwezi na zaidi akimnyonyesha mtoto bila kujua. Lakini wiki sita zilipotimia Somoe alikuwa kwenye eda. Mjane wa Kiislamu kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Niseme haki: dini haimkatazi mwenye eda kwenda kutibiwa kama kuna haja. Shehe wa kwetu nilimwuliza, akanithibitishia. Lakini aliyesimamia nyumba ile alikuwa mama mzazi wa Hamisi, Bi Mwajuma, ambaye alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na kitu pekee alichoweza kumfanyia sasa ni kumtunzia eda yake vizuri. Sista alipokwenda kuomba mama na mtoto waje kituoni, alijibiwa mlangoni.

"Mwenye eda hatoki."

"Basi tutakuja sisi, Bi Mwajuma. Mimi na Mzee Bakari na mashine."

"Mwanamume haingii chumbani."

"Atakaa ukumbini. Pazia litakuwa katikati."

"Na hiyo mashine? Ya kike au ya kiume?"

Sista hakujua kama ni utani. Mimi pia sijui mpaka leo. Tulikubaliwa.

Siku hiyo nilimpa Bi Mwajuma shikamoo, ingawa hatukupishana sana umri, na pole ya msiba. Akaniitikia marahaba, akanionyesha ukumbi. Mlango wa chumba cha Somoe ulikuwa umetundikwa kanga mbili. Nilitafuta mahali pa kuweka mashine, pakavu, pasipo jua, palipo sawa. Palikuwa na meza ndogo, kazi ya marehemu. Nilitia maji kidogo kwenye kifuniko nikakiweka juu yake kuangalia kama inalalia upande wowote. Maji yalitulia.

Sista aliingia ndani. Nilimsikia akipasha moto kisigino cha mtoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akimwimbia kitu cha Kimakonde. Mtoto akalia mara moja, kilio kifupi cha hasira. Kisha mkono wa Sista ukatokeza kati ya zile kanga mbili, umeshika katriji, damu imeingia mpaka kwenye mstari, si pungufu si zaidi. Kazi safi. Niliitia ndani ya mashine, nikafunga kifuniko chake, nikakaa kwenye mkeka.

Kusubiri kule ni karibu saa nzima. Nawaambia kwa sababu hamtafundishwa chuoni jinsi ya kukaa saa nzima. Usitembee tembee. Usichezee simu. Ukiichezea, mwenye damu anadhani kwako ni jambo dogo. Kaa.

Bi Mwajuma alikuja akaketi upande wa pili wa ukumbi, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mnampima nini mjukuu wangu?" akaniuliza, macho kwenye mchele.

"Hilo ni la mama yake, Bi Mwajuma. Mimi siruhusiwi kulisema."

"Huruhusiwi."

"Siruhusiwi, mama. Hata ningekuwa nduguyo."

Akatoa kijiwe, akakitupa uani. Nikadhani yameisha.

"Mimi nimemuuguza mwanangu," akasema. "Nimemnyanyua, nimemlisha, nimemfungulia vile vikopo vya dawa mkono wake ulipokuwa hauna nguvu. Na kikopo kama kile kipo chumbani kwa mke wake. Mimi si kipofu. Nilinyamaza kwa sababu na wao walinyamaza. Nilisema, ngoja waniambie wenyewe. Mmoja ameondoka hajaniambia."

Neno lolote la kwangu lingevunja siri ya mtu, basi nikageukia kioo cha mashine. Hakukasirika. Nadhani hakukasirika. Na nyumba zetu mnazijua, ukuta haufiki juu. Kule ndani walikuwa wamesikia kila kitu.

Mashine ikalia. Nilisoma kioo, nikasoma mara ya pili kama nilivyofundishwa, nikangoja karatasi itoke. Nilimwita Sista. Akatokeza, akasoma yeye mwenyewe, akaikunja ile karatasi arudi nayo ndani.

Ndipo Somoe akasema nyuma ya pazia, "Sista, isomee hapo hapo. Mama yupo. Na asikie."

"Una hakika, Somoe?"

"Nina hakika. Isome kwa Kiswahili."

Sista alisimama kwenye mlango, nusu mwili ndani nusu nje. Akasema, "Kipimo cha leo kinaonyesha mtoto hana virusi."

Hakuna aliyepiga vigelegele, nyumba ilikuwa ya msiba. Somoe alisema Alhamdulillahi. Bi Mwajuma aliuweka ungo chini, mchele ukiwa nusu umechambuliwa. Akakaa.

"Itabaki hivyo?" akauliza.

"Bado ananyonya," Sista akamjibu. "Atapimwa tena, na tena atakapoachishwa. Mama yake akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, tuna matumaini makubwa. Akiruka, siwezi kuahidi kitu."

Bi Mwajuma alinyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda mpaka kwenye pazia. Hakulifunua. Alisimama karibu nalo kama mtu anayeongea na mwenzake dirishani.

"Mwanangu, hizo dawa unameza saa ngapi?"

"Adhana ya alfajiri, mama."

"Haya," Bi Mwajuma akasema. "Mimi saa hiyo huwa nimeshaamka. Nitakuja na maji."